Watakatifu Ndani ya Kopo la Biskuti

Kwa miaka minane kazi yangu Dubai ilikuwa kuwapeleka watu wakatolewe damu.

Sikuwa nesi wala daktari. Shule niliiacha darasa la sita. Nikachunga mbuzi Voi, nikauza chai stesheni, nikawa utingo wa lori la mkonge, nikawapikia wachimba vito, na udereva nikajifunza kwa kuiba gari la tajiri wangu kila alipolala mchana. Kila mahali nilikaa mpaka nilipoona nimeshajua kila kitu, kisha nikahama. Dubai nilikaa kuliko kokote kwa sababu kila Jumapili iliyofuata ilinikuta bado nauliza maswali.

Kampuni iliyoniajiri ilileta walinzi, wafagiaji na wahudumu wa hoteli kutoka nchi nyingi. Kila mgeni aliyeshuka kwenye ndege ilikuwa lazima apimwe damu na kifua kabla ya kugongewa kibali cha kuishi. Asiyepimwa hapati kibali, na asiye na kibali anarudishwa kwao. Mimi ndiye niliyewatoa kambini Al Quoz asubuhi kwa basi dogo, nikawafikisha kituo cha afya, nikawarudisha. Katika miaka yote hiyo ni mtu mmoja tu niliyemrudisha kambini bila kutolewa damu, na kosa lilikuwa langu. Nitawasimulia. Lakini ninyi vijana mnaojiandaa kwenda huko, hasa mtakaopewa usukani, kwanza sikilizeni jinsi kazi yenyewe ilivyo, maana hakuna aliyenifundisha mimi kwamba ndani yake kuna mumiani.

Nyumbani sote tulikua na mumiani. Babu yangu alikuwa akiliona gari jekundu mjini anavuka barabara, na likiwa na mapazia anavuka mara mbili. Ilisemwa watu wanakamatwa, wanatolewa damu, na damu inakwenda kutengenezwa dawa ya watu wengine. Nani anayekamata? Kila kijiji kilikuwa na jibu lake: wazima moto, wapima ardhi, mtu yeyote mwenye buti za mpira. Bibi yangu alitufunga kiunoni kitambaa chenye chumvi na kipande cha mkaa, na mkaa ukisagika anabadilisha.

Sasa fikirini. Basi la kampuni nililokabidhiwa lilikuwa jekundu. Lilikuwa na mapazia kwa ajili ya jua. Na kazi yake ilikuwa kukusanya wageni asubuhi na kuwapeleka kwenye sindano. Nilikuwa mumiani kamili, nilikosa buti tu.

Mwezi wangu wa kwanza nililifanyia jambo hilo mzaha. Nilikuwa nimebeba Wakenya na Watanzania watupu, tuko barabara kuu tunapita upande wa Al Jaddaf, na nikaona wamenyamaza sana. Nikashika sauti ya utingo: "Mabibi na mabwana, mumiani amewafikia! Msisukumane, damu ya kila mmoja itachukuliwa!"

Nilitegemea kicheko. Nikasikia pazia likivutwa, kisha mama mmoja wa Kitui, jina lake Mwende, akasema kwa upole kabisa, "Dereva, simamisha nishuke."

"Tuko barabara kuu, dada."

"Simamisha ama niruke."

"Nilikuwa natania tu."

"Mumiani pia huanza na utani," akasema mwingine kutoka nyuma, na abiria wote wakaanza kusimama vitini.

Niliegesha kando ya yadi za mafundi wa majahazi, wakashuka wote wakakaa kwenye magogo. Nikampigia simu Varghese. Huyu alikuwa Mhindi wa Kerala, mtu wa makamo, ndiye mandubu wetu, yaani mtu wa kampuni anayeshughulikia karatasi za serikali. Kila kibali kilipita mkononi mwake. Akaja na teksi, amekasirika, shati limelowa.

"Umewaambia nini watu wangu?"

"Utani tu, bosi."

"Utani gani?"

Nikamweleza mumiani ni nini. Nilidhani atanifokea kwamba Waafrika tuna ujinga. Alichofanya ni kupiga ishara ya msalaba. Akaniambia kwao kuna kitu kinaitwa yakshi, mwanamke mzuri wa sura, nywele ndefu, anamsimamisha msafiri njiani na kumwomba chokaa ya tambuu. Ukimpa, asubuhi watu wanakuta kucha na nywele zako tu. Akasema zamani padri mmoja wa kwao alimpigilia yakshi msumari wa chuma kichwani, na tangu hapo chuma ni rafiki wa msafiri. Jina lake mwenyewe, Varghese, ndilo jina la Mtakatifu Joji kwa lugha ya kwao, yule aliye juu ya farasi akimchoma joka, na picha yake alikuwa nayo kwenye pochi pamoja na leseni.

Akaenda kwa mafundi, akarudi na msumari wa jahazi mrefu kama kiganja. Akampa Mwende.

"Huu wa nini?"

"Shika tu, madam. Shika mpaka wamalize."

Mwende akautazama, akanitazama mimi, akaupima uzito. Akapanda basi, na wengine wakamfuata mwenye silaha. Alitolewa damu akiwa ameushika kwa mkono wa pili, na msumari hakuurudisha. Miaka baadaye nilimkuta akiwa mlinzi wa lango katika majengo ya Silicon Oasis, msumari uko kwenye begi lake. "Huu ni wangu, usiuangalie hivyo," akaniambia.

Siku ile Varghese alinifundisha mambo mawili ambayo nawapa bure. La kwanza, usimtanie mtu kwa kitu kinachomtisha wakati umemfungia ndani ya gari. La pili, ondoa mapazia. Nilitaka kubishana kwa sababu ya jua. "Jua litawachoma dakika arobaini," akasema. "Hofu wataila mpaka jioni. Yalla, toa." Nikayatoa siku hiyo hiyo.

Tangu hapo nikaanza kuuliza. Kila niliyempakia kiti cha mbele nilimuuliza: kwenu nani hunyonya damu, na mnajikinga vipi? Msidhani watu walinuna. Muulize mtu mshahara wake, atakudanganya. Muulize kinga ya bibi yake, atakuhadithia mpaka ukose njia ya kutokea kwenye mzunguko wa barabara. Nilinunua daftari, na kwa mwandiko wangu wa darasa la sita nikajaza kurasa.

Kulikuwa na mama Mromania, msimamizi wa vyumba katika hoteli tuliyoipelekea wafagiaji. Akaniambia kwao usiku wa kuamkia sikukuu ya Mtakatifu Andrea wafu wabaya hutembea, hivyo bibi yake alisugua kitunguu saumu kwenye madirisha, kwenye mlango, mpaka kwenye pembe za ng'ombe. Nikamuuliza kwa nini ng'ombe. Akasema, "Kwani ng'ombe hana damu?" Mhabeshi mmoja alinionyesha msalaba uliochanjwa kwenye paji la uso wa mama yake katika picha, akasema huo hauwezi kuibwa. Ramadhani wa Tanga, aliyekuwa akifagia uwanja wa ndege, alisoma Ayatul Kursi tangu tunatoka getini mpaka anaitwa namba yake, bila kukosea herufi, na akitoka anasema, "Alhamdulillah, twende tukale." Sikuwahi kumwona mtu mtulivu kama yule.

Na alikuwepo Marisel.

Marisel alikuwa nesi Mfilipino, ndiye aliyewatoa damu watu wetu wengi. Mfupi, mwepesi wa mikono, anapata mshipa kwa kugusa tu kama mtu anayetafuta swichi gizani nyumbani kwake. Watu wetu walipomwona na koti jeupe, sindano na vichupa vyenye vifuniko vya rangi, walimhesabu kuwa mumiani mkuu. Nitarudi kwake.

Haya sasa ya kazi. Hakikisha wamekula na wamekunywa maji, mshipa wa mtu mwenye njaa unajificha. Mkono wa shati ukunjwe ndani ya basi, si mbele ya nesi, kwa sababu mtu anayekunja shati huku watu wanamtazama mikono inaanza kutetemeka. Mwenye hofu usimtangulize, wala usimweke mwisho akasubiri saa nzima. Mweke wa tatu: ameona wawili wametoka wazima, na hajapata muda wa kufikiri. Usiseme "hauumi." Sema "unauma kidogo kisha unaacha," maana ukidanganya jambo dogo hawakuamini tena siku nzima. Waonyeshe kichupa kabla. Watu wengi walikuwa wanawaza ndoo.

Kisha kuna picha ya kifua. Pale kila chuma cha shingoni lazima kivuliwe: misalaba, medali, rozari, hirizi za kopo. Watu walikuwa wanavitia mfukoni, vinaanguka, vinachanganyika, mmoja anatoka na Bikira Maria wa mwenzake. Mimi nikanunua kopo la biskuti la bati, nikalitandika kitambaa, nikakata vibahasha vya kuandika majina. Kila mtu ananikabidhi kinga yake mwenyewe, naandika jina akiona, na nakaa nje kwenye benchi nimelipakata kopo mpaka wa mwisho atoke. Madereva wa kampuni nyingine walinicheka mwanzoni. Baadaye mmoja wao aliniomba niwashikie na wa kwake. Nimewahi kukaa na Mtakatifu Benedikto, Mtakatifu Joji, Mikaeli Malaika Mkuu, sura tatu za Kurani kwenye ngozi na ndimu kavu moja iliyofungwa na pilipili, wote mapajani mwangu, na hakuna kilichopotea hata siku moja. Kazi nyingi nimezifanya duniani. Hiyo ndiyo ninayoitaja nikiulizwa nilikuwa nani.

Lakini akili ya kopo sikuzaliwa nayo. Ilitokana na Dismasi.

Dismasi alikuwa kijana wa Kifipa, kutoka kijiji cha mbali na mji wa Sumbawanga. Mrefu, mpole, mwenye shikamoo nyingi. Baba yake alikuwa ameuza maksai wawili wa kulimia ili yeye afike Dubai, kwa hiyo nyumbani kwao msimu ule walikuwa wanalima kwa jembe la mkono wakimsubiri. Alishakosa kupimwa mara moja kwa sababu ya homa. Varghese akanifuata Jumatatu asubuhi nikiwa nafuta kioo.

"Huyu mrefu, siku zake zinaisha Alhamisi. Apimwe leo au kesho au keshokutwa. Asipopimwa, khalas, tiketi ya kurudi."

"Atapimwa leo," nikasema. Nilikuwa mwaka wa tatu kazini, najiona bingwa.

Siku hiyo nilikuwa na safari tatu. Ya kwanza ilichelewa, watu wamejaa, na Kiingereza cha Dismasi kilikuwa kidogo, kwa hiyo niliruhusiwa kusimama mlangoni nitafsiri. Akakaa, akanyoosha mkono wa kushoto. Marisel akachukua mpira wa kufungia mkono, akasita. Juu ya kiwiko, pale pale mpira unapofungwa, kulikuwa na kifuko cha kitambaa kilichokazwa kwa kamba.

"Mwambie atoe hiki," akasema Marisel.

"Toa hiyo kamba, Dismasi."

"Siwezi, mzee. Bibi kanifunga. Ni jani la Jumapili ya Matawi, lilibarikiwa. Kasema isifunguliwe mpaka nirudi nyumbani."

"Usipoifungua utarudi nyumbani Alhamisi. Toa."

"Mzee, siwezi kuigusa."

"Basi usiiguse wewe."

Kulikuwa na mkasi kwenye trei ya Marisel, wa kukatia plasta. Nikauchukua, nikakata. Mara moja tu, kacha. Kifuko kikaanguka sakafuni.

Dismasi akainama, akakiokota, akakipuliza vumbi. Alikuwa na nguvu za kunivunja shingo. Akasimama, akaniambia, "Mzee, nakuheshimu. Lakini damu sitoi." Akatoka akaenda kukaa kiti cha mwisho ndani ya basi, kifuko kiko kwenye ngumi.

Marisel akanipokonya mkasi. Akaingiza vidole kwenye kola yake, akavuta mkufu, mwisho wake kuna medali nyeusi kwa kuvaliwa, ina mtu mwenye msalaba na herufi zimeizunguka.

"Unamjua huyu?"

"Hapana, sista."

"San Benito. Mtakatifu Benedikto. Nilikuwa na miaka saba, bibi yangu alinivalisha. Kwetu kuna aswang, ana ulimi mrefu kama uzi, anaupitisha kwenye paa anakunyonya umelala. Bibi aliweka chumvi dirishani, kitunguu saumu mlangoni, na mkia wa taa juu ya kitanda."

"Mkia wa taa, yule samaki?"

"Huyo. Wa kumchapia." Akarudisha medali ndani ya kola. "Najua watu wako wananiona mimi ndiye aswang. Nimezoea. Ndiyo maana na mimi naivaa, nikumbuke hofu yao. Sasa niambie, dereva. Mimi ungenikatia?"

Niliendesha kurudi kambini nikimwona Dismasi kwenye kioo, na sikuwasha hata redio.

Jioni nilimfuata chumbani. Alikuwa anapanga nguo kwenye begi, anakunja moja moja kama za dukani. Nikamwomba msamaha. Akasema amenisamehe, na akaendelea kukunja.

"Basi kesho twende."

"Kukusamehe nimekusamehe, mzee. Kamba imekatika."

"Kwani wewe unaamini kabisa yule nesi ni mnyonya damu?"

Akafikiri. "Kwetu zamani hata mapadri wa kizungu walisemwa ndio wanyonya damu, kwa ajili ya zile kanzu nyeupe. Bibi wa bibi yangu aliwakimbia akalala porini. Halafu wakaja wakambatiza." Akacheka kidogo. "Sasa jani lao ndilo linatukinga. Mimi sijui nani ananyonya nani, mzee. Najua bibi alisema isifunguliwe. Nikitolewa damu imefunguliwa, kitu chochote kikitokea nyumbani, hata ndama akifa, atasema ni mimi. Na mimi nitasema ni mimi."

Hapo nikaelewa kwamba nilikuwa nabishana na mtu asiyekuwepo. "Bibi yuko hai?" nikauliza.

"Yuko. Simu ni ya katekista."

Jumanne baada ya kazi tukaenda duka la simu karibu na kambi, nikakwangua kadi, tukapiga. Katekista akatuma mtu. Tukasubiri, tukapiga tena. Ikapokelewa na sauti kali, kavu.

"Haloo! Nani?"

"Shikamoo, bibi. Mimi ni dereva, niko na Dismasi huku Dubai."

"Amekufa?"

"Hapana, bibi, mzima, yuko hapa."

"Sasa dereva unanipigia ya nini?"

Nikamweleza yote. Sikujipunguzia. Nilipofika kwenye mkasi akanyamaza, nikadhani kadi imeisha.

"Bibi?"

"Nipo. Mjukuu wangu ana mikono mingapi?"

"Miwili, bibi."

"Mimi nilifunga mingapi?"

"Mmoja."

"Huo mwingine ulikuwa na nini?"

Vijana, nawaambieni ukweli. Nilikuwa mwaka wa tatu katika kazi hiyo. Nesi ana vyeti, mandubu anajua sheria zote, mimi najua barabara zote. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka mkono wa kulia.

"Haukuwa na kitu, bibi."

"Umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La sita."

"Mimi sikusoma hata moja." Nikamsikia akimwambia mtu pembeni jambo kwa Kifipa, na watu wakacheka. Kisha akarudi. "Sikiliza wewe. Jani halijaharibika. Utafunga wewe mwenyewe, kwa kamba mpya, mkono ule ule, mafundo matatu. Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Usiyaharakishe kama ulivyoharakisha mkasi. Halafu utangulie."

"Nitangulie wapi, bibi?"

"Kwenye sindano. Damu yako itoke kwanza, yeye akiona."

"Bibi, mimi nilishatolewa zamani."

"Alikuona?"

"Hakuniona."

"Basi."

Na simu akampa katekista.

Sasa niwape siri ambayo watu niliowabeba hawakuijua. Mimi sindano naiogopa. Nilipofika Dubai nilitolewa damu nimefumba macho, nimeng'ata kola, na tangu hapo nikawa naishia mlangoni. Mabingwa wengi wako hivyo, wanajua njia ya kumfikisha mwenzao, si ya kufika wao.

Hata hivyo hutolewi damu pale bila karatasi. Nikaenda kwa Varghese. Kibali changu mwenyewe kilikuwa kinakaribia kuhuishwa, na kuhuisha kunataka kupimwa upya. Nikamwomba asogeze mbele, iwe Jumatano, kesho.

Akavua miwani. "Madereva wote wananiomba nisogeze nyuma."

"Bibi mmoja wa Sumbawanga amesema."

"Ana cheo gani?"

"Kikubwa."

Akaandika.

Jumatano asubuhi, ndani ya basi, nilimfunga Dismasi kifuko kwa kamba ya kiatu mpya. Nilikuwa nimenunua nyeusi. Akaniuliza kama nyeupe haikuwepo, nikamwambia bibi hakutaja rangi, akakubali. Nilifunga fundo la kwanza kwa Baba, la pili kwa Mwana, na la tatu nikalirudia maana lililegea. Abiria wote waligeuka kutazama, hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa Uganda akaitikia "Amina" kwa kila fundo.

Namba yangu iliitwa. Dismasi akasimama pembeni yangu, mikono nyuma kama mtu anayekagua gwaride. Marisel akatutazama mmoja mmoja, akaona kamba ya kiatu, hakuuliza.

"Mkono upi, sir?"

"Wowote, sista."

Nikageuza uso ukutani.

"Mzee," akasema Dismasi, "fumbua macho. Bibi kasema tuone."

"Kasema wewe ndiye uone."

"Mimi naona umefumba."

Nikafumbua. Nikaiona sindano inaingia. Nikaona kichupa kinajaa, chekundu cha giza, polepole, na sakafu ikaanza kunijia juu. Nilichosikia baada ya hapo ni Marisel akisema "Sir? Sir!" na mkono mkubwa umenishika begani kuniketisha kwenye kiti cha ukutani. Mtu akanipa juisi ya embe ya boksi. Alikuwa Dismasi. Aliitoa kwenye mfuko wake, aliiweka kwa ajili yake mwenyewe.

"Tulia hapo, mzee. Mimi naingia."

Akakaa kwenye kile kiti. Akaweka mkono wa kushoto wenye kifuko juu ya paja, akanyoosha wa kulia. Hakufumba. Alitazama sindano mpaka ikaingia, akatazama kichupa mpaka kikajaa, kisha akamwuliza Marisel kwa Kiswahili, "Hii inatosha kumtengenezea mtu dawa?"

"Anasema nini?" Marisel akaniuliza, na nikiwa bado naona nyota nikamtafsiria.

"Mwambie haitoshi hata mbu mmoja."

Nikamwambia. Dismasi akacheka, akabana pamba mwenyewe. Kwenye picha ya kifua ndipo alipovua rozari yake akasita, akaangalia mahali pa kuiweka, na mimi nikanyoosha viganja vyote viwili kama mtu anayepokea komunyo. Nikaishika mpaka akatoka. Kesho yake, Alhamisi, Varghese alipita mlangoni akanionyesha karatasi ya Dismasi, safi, imegongwa.

Jioni hiyo tukarudi duka la simu, tukapiga. Wakaongea kwa Kifipa muda mrefu, Dismasi akisema ndiyo, ndiyo, na kucheka. Kisha akanipa mkonga.

"Bibi anakutaka."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ulitangulia?"

"Nilitangulia, bibi."

"Macho wazi?"

"Wazi."

"Uliumia?"

"Niliumia kidogo."

"Vizuri," akasema, na akakata simu.